Feleji kwa Ajili ya Barafu

Barafu haina ugumu wa kumtisha mtu. Katika kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 kwa talki na kuishia 10 kwa almasi, barafu inayokaribia kuyeyuka iko kwenye 1.5 tu, na ukucha wa kidole unaweza kuikwaruza. Kwa nini basi mchonga barafu wa Japani aagize patasi iliyofuliwa kwa mkono, yenye feleji ile ile ambayo seremala huiamini kukatia mbao ngumu? Kisu cha jikoni kingeikata barafu hiyo. Hata msumari ungeikwangua.

Jibu limo katika uwazi wa barafu. Patasi butu husaga mahali pa kukata. Mbele ya makali yake barafu huvunjikavunjika, nyufa ndogondogo huingia ndani ya uso, na kila ufa hutawanya mwanga, hivyo patasi ilipopita hubaki alama nyeupe yenye ukungu. Patasi kali kwelikweli huambua ganda jembamba, na nyuma yake uso hubaki angavu, unaona hadi upande wa pili. Sanamu ya mti inaweza kupigwa msasa, ikapakwa mafuta, ikasamehewa makosa mengi. Ya barafu haina rangi wala nyuzi za mbao za kufichia kitu. Kilichofanywa na makali ndicho kinachoonekana, kwa hiyo naiona patasi ya barafu kuwa mtihani mgumu zaidi wa mhunzi kuliko patasi ya mbao, ingawa kinachokatwa ni laini zaidi.

Makali ya namna hiyo lazima yawe membamba. Patasi ya kugongwa kwenye mbao ngumu hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Ya barafu huteremka hadi nyuzi 20, na pengine chini ya hapo, kwa kuwa haigongwi. Fundi wa nakshi wa Zanzibar anayechonga mlango huongoza patasi kwa mkono mmoja na kuipigia nyundo ya mti kwa mkono wa pili, pigo dogo baada ya pigo dogo. Mchonga barafu husukuma. Mpini wake ni mrefu, anaushika kwa mikono miwili, anauegemea kwa bega, na nguvu inapanda kutoka miguuni. Akigonga kwa nyundo, ufa unaweza kukimbia mbali kuliko alivyokusudia na kuondoka na bawa zima la ndege.

Sasa fikiria makali hayo ya nyuzi 20. Yakiwa ya chuma laini, yatajikunja siku ya kwanza. Yakiwa ya feleji tupu iliyofanywa ngumu, yatameguka pale yatakapokutana na chembe ya mchanga iliyogandia ndani, au mchongaji atakapoipindua patasi kidogo ili kung'oa kipande. Na shina la patasi, lililo refu na kubeba uzito wa mwili wa mtu, litavunjika kama lote ni gumu. Kinachotakiwa ni ugumu mahali pamoja na ustahimilivu mahali pengine, sentimita chache tu kutoka pale. Wahunzi wa Japani wamelijibu swali hilo kwa kuunga metali mbili: tabaka jembamba la feleji kwa ajili ya makali, na mwili wa chuma laini wa kulibeba.

Maarifa haya yana mizizi katika panga. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, na wahunzi wengi waliokuwa wakiishi kwa kuzifua walijikuta hawana wateja. Baadhi yao waligeukia zana za useremala. Aliyekuja kutajwa kuliko wote ni Chiyozuru Korehide, aliyezaliwa 1874 katika ukoo wa wahunzi wa panga na kufariki 1957, ambaye randa na patasi zake bado zinatafutwa na mafundi hadi leo. Lakini miji ya zana ilikuwapo kabla ya hapo. Miki, katika mkoa wa Hyogo, uliteketea katika mzingiro wa 1578 hadi 1580. Ulipojengwa upya, maseremala na wahunzi walimiminika, na uhunzi haujaondoka mjini tangu wakati ule. Sanjo na Yoita, huko Niigata, ni miji mingine ya aina hiyo, ambako majira ya baridi huleta theluji nyingi na mtu ana sababu ya kukaa karibu na moto.

Feleji yenyewe hutoka zaidi Yasugi, mji wa mkoa wa Shimane, eneo ambalo kwa karne nyingi watu walichenjua mchanga wa chuma kwa makaa ya miti katika matanuri ya udongo. Leo hutengenezwa kiwandani, lakini kwa usafi uleule uliolipa eneo hilo sifa. Aina zake hutambulika kwa rangi ya karatasi inayobandikwa juu yake. Ya karatasi nyeupe ni chuma na kaboni, karibu hakuna kingine: namba 2 ina kaboni asilimia 1.05 hadi 1.15, na namba 1 ina 1.25 hadi 1.35. Ya karatasi ya buluu imeongezwa tangsteni na kromi, hivyo hudumu zaidi katika kusuguliwa. Kwa barafu mimi naelewa kwa nini fundi apende nyeupe. Barafu haisugui makali kama mti wenye mchanga unavyosugua. Kinachotafutwa ni wembamba wa makali kabisa, na feleji isiyo na mchanganyiko mwingi hunoleka hadi pale ambapo nyingine huanza kukataa.

Kwa mwili wa patasi wahunzi wengine hutafuta chuma kikuukuu: minyororo ya nanga, vyuma vya madaraja na vya mashua za karne ya 19, vilivyotengenezwa kabla ya viwanda vya kisasa kuanza kumimina feleji kwa wingi. Chuma hicho hakina kaboni ya kutajika. Ndani yake mna nyuzi za takataka za tanuri, na kikisuguliwa kwenye kinoo hulika haraka. Huo ndio uzuri wake. Patasi ya feleji tupu ingekuwa adhabu kuinoa. Hii, sehemu kubwa inayogusa jiwe ni chuma laini, na feleji iliyo nyembamba ndiyo pekee inayopinga.

Kuunga ndiko moyo wa kazi, na hapa haraka haina nafasi.

Mhunzi huanza kwa kupasha pande la chuma laini. Juu yake, likishapata moto, hunyunyiza boraksi iliyochanganywa na unga wa chuma. Boraksi huyeyuka ikawa kioo kizito, ikatambaa, ikayayeyusha magamba meusi ambayo hewa huyazalisha kwenye chuma chochote cha moto. Magamba hayo ndiyo adui. Yakibaki katikati ya metali mbili, hakuna nyundo itakayoziunganisha. Juu ya boraksi huwekwa kipande cha feleji, kimekatwa kwa kipimo, kimesuguliwa kikang'aa. Vyote viwili hurudi motoni.

Kuanzia hapo ni macho. Chuma laini kinaweza kuvumilia joto kali sana, feleji haiwezi. Yenye kaboni nyingi kiasi hiki ikipashwa kupita kiasi huanza kutoa cheche zenye matawi, ishara kwamba inaungua, na ikipigwa nyundo hupukutika. Hata kabla ya kuungua, kila dakika ya ziada motoni ina gharama: kaboni huhama kutoka kwenye feleji na kuingia kwenye chuma cha jirani, na chembe za feleji hukua zikawa kubwa. Feleji yenye chembe kubwa haitoi makali membamba, hata ukiinoa wiki nzima. Kwa hiyo mhunzi mwema huunga kwa joto la chini kabisa linalokubali kuunga, karibu na nyuzi 1,000 za Selsiasi, wakati metali ina rangi ya embe dodo lililoiva na boraksi inachemka juu yake. Anayengoja hadi inawiri njano iliyopauka ameunga kwa urahisi zaidi, na ameiharibu.

Pigo la kwanza ni jepesi. Huanguka katikati, kisha mengine husogea kuelekea kingoni, ili boraksi iliyobeba magamba isukumwe nje. Unaiona ikitoka pembeni kwa michirizi ya moto. Mhunzi akianza kwa kupiga kingo, ameifungia ndani. Kosa hilo halionekani siku hiyo. Patasi itafuliwa, itapigwa tupa, itatiwa matiko, na siku za kuinoa ndipo utatokea mstari mweusi mwembamba kati ya feleji na chuma. Kazi yote ile inatupwa kwa sababu ya mapigo mawili matatu ya mwanzo.

Metali zikishashikana, mapigo huongezeka uzito. Karakana nyingi leo zina nyundo ya mashine, na sioni kwamba inapunguza heshima ya kazi. Mashine hupiga tu. Pa kupiga, nguvu ya kupiga na wakati wa kuacha ni vya mtu aliyeshika koleo. Pande hurefushwa, mabega hutokeza, shingo hupunguzwa unene, na nyuma huchongoka mkia wa kuingia kwenye mpini. Shingo ya patasi ya barafu ina madai yake. Ikiwa nene, inazuia macho ya mchongaji na kuufanya mkono uchoke. Ikiwa nyembamba mno, hutetema pale bega linapoegemea, na mtetemo huo huandikwa kwenye barafu kama mikunjo. Mhunzi huitazama ikiwa nyekundu juu ya fuawe, huizungusha robo, hupiga, huizungusha tena. Joto linaposhuka hadi wekundu uliofifia, mapigo huwa madogo na ya haraka, ili chembe za feleji zisipate nafasi ya kukua tena. Kisha huacha. Akiendelea kupiga feleji iliyopoa, atafungua nyufa mahali alipokwisha kuunga.

Hapo ndipo ninapouona ustadi kuliko mahali pengine popote. Nguvu ya kupiga hupatikana kwa mazoezi ya mwili. Kujua pa kukomea hakuonekani kwa mtazamaji, na makosa yake hayaonekani hadi baadaye. Mhunzi hutoa chuma motoni kabla hakijapendeza, huacha kupiga wakati bado kinakubali, na kila mara huacha kitu ambacho mkono ulikuwa tayari kukichukua.

Patasi hufukiwa kwenye majivu ya mabua ya mpunga na kuachwa humo usiku kucha. Majivu hushikilia joto, chuma hupoa polepole sana, na ule mkazo wote ulioingizwa kwa nyundo huachia. Asubuhi feleji ni laini kiasi cha kukubali tupa. Sasa umbo husafishwa: mgongo husawazishwa, kingo hunyooshwa, na kwenye uso wa feleji huchimbwa bonde la kina kidogo, ukingo wake ukibaki juu pande zote. Bonde hilo ni alama ya patasi za Kijapani. Sababu yake ya kwanza ni kunoa, maana uso wa feleji lazima uwe bapa kabisa, na ni rahisi kubapisha ukingo mwembamba kuliko uso mzima ulio mgumu. Kwa barafu lina faida nyingine. Chuma bapa kinachoteleza juu ya barafu yenye unyevu hunata. Kikipunguziwa eneo la kugusana, hupita kwa wepesi zaidi.

Halafu mhunzi hufanya jambo linaloweza kuonekana kichaa kwa asiyejua: huipinda patasi aliyotoka kuinyoosha. Kiasi kidogo tu, upande wa feleji ukiingia ndani. Anajua yatakayotokea majini. Feleji inapopata matiko hutanuka, na chuma laini kilichounganishwa nayo hakitanuki kwa kiasi hicho. Basi patasi yote hujipinda, upande wa feleji ukitokeza nje. Akiwa ameitangulizia mpindo wa kinyume kwa kipimo sahihi, hutoka majini imenyooka. Kipimo hicho hutegemea unene wa feleji, unene wa chuma, upana wa patasi na joto lake. Mhunzi aliyezoea hatumii jedwali. Huiinua patasi usawa wa jicho kuelekea dirishani, huipiga kidogo, huitazama tena.

Kabla ya kutia matiko, patasi hupakwa tope la udongo laini uliochanganywa na unga wa makaa, likaachwa likauke. Chuma chekundu kikiingia majini hujifunika kwanza kwa mvuke, na mvuke ni blanketi: hukifanya kipoe taratibu, tena kwa mabaka, hapa haraka, pale polepole. Tabaka jembamba la tope huuvunja mvuke huo, maji yakagusa kila mahali kwa pamoja. Maji nayo hayawi ya baridi. Huwa vuguvugu, kwa sababu yale ya baridi hupasua feleji.

Taa huzimwa, madirisha hufunikwa. Katika mwanga wa mchana wekundu wa nyuzi 750 na ule wa nyuzi 800 hufanana, na tofauti yake ndiyo tofauti ya patasi nzuri na mbaya. Wanafunzi husaidiwa na sumaku: chuma kikifika nyuzi 770 hivi hupoteza usumaku, kwa hiyo sumaku ikikataa kukishika, uko karibu. Mhunzi mzoefu huisogeza patasi mbele na nyuma juu ya makaa ili joto lienee, ncha isitangulie, mabega yasibaki nyuma. Rangi ikishasawazika, huizamisha kwa wima, kwa mwendo mmoja, bila kuyumba. Maji hunguruma. Kisha mhunzi husikiliza. Mlio mdogo mkavu, tiki, maana yake ufa, na hakuna dawa ya ufa. Usiposikika, patasi hutolewa, tope limebanduka lenyewe, na feleji chini yake ni ya kijivu iliyopauka.

Wakati huo ni ngumu mno kuweza kutumika. Ukiiangusha sakafuni, kona itakatika. Lazima matiko yapunguzwe kidogo kwa kuipasha tena, safari hii nyuzi 150 hadi 180 tu. Zipo karakana zinazotumia mafuta yenye kipimajoto. Wahunzi wa zamani hudondosha tone la maji juu ya chuma: likitandaa na kuchemka papo hapo, bado; likijikusanya na kuanza kukimbia juu ya uso, inatosha. Kiasi kidogo cha ugumu kinaachwa kiende, na kinachobaki ni feleji ya kipimo cha Rockwell kati ya 62 na 65, isiyomeguka ovyo. Tupa ikipitishwa juu yake huteleza bila kuuma. Kwenye chuma laini cha mgongo tupa ile ile inauma.

Patasi bapa ndiyo rahisi. Mchongaji anahitaji pia bobari, yenye mdomo wa mviringo, kwa shingo za ndege na mikunjo ya nguo, na ile yenye mdomo wa pembe, yenye mbawa mbili zinazokutana chini, kwa manyoya na nywele. Hii ya pembe ndiyo inayowatenganisha wahunzi. Feleji lazima iwe na unene ule ule kwenye mbawa zote mbili na pale zinapokutana, ambapo kwa kawaida nyundo huikusanya ikawa nene. Majini kila bawa lina nia yake ya kujipinda. Na mnoaji akinoa bawa moja zaidi ya jingine, kwenye kona ya chini hutokea jino linalorarua barafu. Mchongaji akikupa patasi zake uzitazame, tazama kona hiyo kwanza.

Mpini ni wa mwaloni mweupe. Patasi ya kugongwa huvishwa pete ya chuma kichwani ili mpini usipasuke. Ya kusukuma haina haja nayo, na kichwa chake huviringwa kikae vizuri kwenye kiganja au begani. Kisha vinoo: jiwe la namba 1,000 kuweka pembe, kisha mawe laini zaidi hadi 8,000, na wengine humalizia kwa mawe ya asili kutoka milima ya Kyoto. Kwenye mteremko uliokwisha kunolewa ndipo metali mbili huonekana kwa mara ya kwanza zikiwa uchi. Chuma laini kina ukungu wa kijivu, na kama ni kikuukuu kina michirizi. Feleji ni ukanda mwembamba unaong'aa ukingoni. Kati ya hizo mbili ni mstari usio na pengo.

Kuchonga barafu kwa namna hii kulikua sana mikononi mwa wapishi wa hoteli. Mpishi Auguste Escoffier, katika miaka ya 1890, alimwandalia mwimbaji Nellie Melba pichi zilizopakuliwa juu ya bata maji wa barafu, katika hoteli ya Savoy, London. Huko Japani pia wachongaji wengi ni wapishi. Barafu nayo ina subira zake. Mche wa kawaida wa kiwanda cha barafu cha Kijapani una uzito wa kilo 135, na hugandishwa kwa zaidi ya saa 48 huku hewa ikipulizwa ndani ya maji. Maji yanayotikiswa hayashiki mapovu wala takataka. Yanaganda safi kutoka pembeni, na uchafu husukumwa katikati, ambako maji ya mwisho huweza kufyonzwa na kubadilishwa kabla hayajaganda. Ukigandisha haraka unapata barafu nyeupe, na patasi bora duniani haitaipa uwazi ambao haikuzaliwa nao.

Mche ukitolewa kwenye jokofu haukatwi hapo hapo. Barafu hutanuka kwa joto takribani mara 4 zaidi ya feleji. Uso ukipata joto ghafla huku kiini bado kiko nyuzi 15 chini ya sifuri, mkazo unajaa ndani, na mguso wa kwanza wa patasi unaufungulia njia. Mchongaji hungoja hadi umande mweupe juu ya uso utoweke na barafu ing'ae. Patasi nazo huwekwa nje zipoe. Chuma chenye joto la chumba huyeyusha ngozi nyembamba ya maji, maji yakaganda tena juu ya makali, na kuanzia hapo unakata kwa barafu na si kwa feleji.

Kwenye mashindano makubwa, ya Asahikawa huko Hokkaido au ya Fairbanks huko Alaska, kelele utakayoisikia kwanza ni ya misumeno ya mnyororo. Asahikawa ni mji ulioandika nyuzi 41 chini ya sifuri mwezi wa Januari 1902, baridi ambayo ndiyo rekodi rasmi ya Japani; barafu katika baridi kali huwa ngumu zaidi na yenye kuvunjika upesi zaidi, na mashine huokoa saa nyingi za jasho. Simlaumu anayeitumia. Msumeno huondoa yasiyotakiwa, mashine ndogo za kusaga huchora mikondo, na zote mbili huacha nyuma yake uso mweupe uliojaa mikwaruzo. Patasi huja mwisho. Inaanza juu ya bega la sanamu, inateremka kwa mkono usiosita, na chini yake weupe unaondoka ganda kwa ganda, hadi mwanga unapita. Makali yasipokuwa kamili, mchongaji anajua ndani ya kipimo cha kiganja kimoja. Huacha, hurudi kwenye kinoo.

Kazi ikiisha patasi hufutwa kavu, moja moja, kisha hupakwa mafuta ya kamelia. Feleji ya kaboni haina kinga dhidi ya maji, na barafu si kitu kingine ila maji. Usiku mmoja wa uzembe hutosha kuweka madoa ya kutu, na doa likila hadi ukingoni huacha pengo ambalo litaonekana kwenye barafu kama mstari, kila msukumo, hadi ukingo wote unolewe kurudi nyuma ya pengo lile.

Kunoa hula patasi. Kila mwaka inafupika, na umri wake hauhesabiwi kwa shina wala mpini ila kwa feleji, ambayo haikuungwa hadi shingoni. Ikimalizika, kilichobaki ni chuma laini kisichoshika makali. Mhunzi analijua hilo tangu anapokata kile kipande cha mwanzo. Akikikata kifupi, kuunga ni rahisi, joto linasawazika upesi, na majini hakipindi sana. Akikikata kirefu, kila hatua inakuwa na hatari zaidi: boraksi ina safari ndefu ya kutoka, rangi ya moto ni ngumu kuifanya moja kutoka ncha hadi bega, mpindo wa kutangulizwa lazima uwe sahihi zaidi. Mnunuzi hawezi kuona tofauti hiyo dukani kwa jicho la haraka, na bei mara nyingi ni ile ile. Wahunzi ninaowastahi hukikata kirefu.